Ubani Kwenye Darasa la Pumzi

Anayetaka kujua jinsi subira ya mtu mzima inavyokatika, hata awe mtu wa kuswali na kufunga, basi na amfundishe Bi Mapenzi kuvuta pumzi.

"Kwa pua," Hadiya alisema. "Nimesema kwa pua, Bi Mapenzi. Mdomo ufumbe."

"Mdomo huu haujafumbwa tangu siku niliyoolewa," Bi Mapenzi akajibu. "Muulize mume wangu."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja wao akajilaza ubavu. Hadiya akangoja. Aliwatazama walivyokaa juu ya mikeka, miguu wameikunja nusunusu, leso zimefungwa viunoni, akasema moyoni, Ya Rabi, nipe moyo mwingine, maana huu nilio nao umekwisha.

Kila mmoja alikuja na lake. Bi Mwanafatuma, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, alileta magoti. Wawili walileta presha. Bi Mapenzi, muuza viazi vya karai kando ya barabara kuu, alikuja kupunguza mwili, na kila alipokuja alibeba sahani ya viazi ili watu wasione njaa.

"Haya, mikono na magoti chini," Hadiya alisema. "Mgongo uinuke kama paka aliyeshtuka."

"Mimi nina vitukuu," Bi Mwanafatuma alisema. "Leo niwe paka?"

"Mimi ni paka wa buchani," Bi Mapenzi akasema. "Tazameni tumbo linavyofagia mkeka."

Walipofika kwenye mkao wa kukalia visigino na kuweka paji la uso chini, kazi ikasimama kabisa. Bi Mwanafatuma aliinua kichwa akauliza, "Mwanangu Hadiya, hii si sijida?"

"Si sijida, Bibi. Ni kupumzisha mgongo."

"Basi mbona nimesujudia choo?"

Ni kweli, choo cha madrasa kilikuwa upande ule. Hadiya akawaamuru wageuze mikeka, waelekee kibla. Walipomaliza kuigeuza, mwingine akasema sasa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mtu atakayechungulia dirishani ataona wanawake wanaswali bila udhu huku wakila viazi. Mikeka ikageuzwa tena. Mwisho Hadiya aliuondoa mkao ule kabisa, kama alivyokwisha kuondoa nyimbo za Kihindi na kuunganisha viganja, akabaki na mwili na pumzi tu, ambavyo vyote viwili ni mali ya Mwenyezi Mungu na havina ubishi. Lakini muda ulikuwa umekwenda.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu nyuma ya madrasa, pale Msambweni, ambamo akina mama hufanya vikao vya kikundi chao. Mzee Iddi, mwalimu wa madrasa, alimpa ruhusa ya kuutumia baada ya alasiri, kwa sharti kwamba wanaume wasiingie na sauti za wanawake zisifike msikitini. Hadiya alikubali bila kusita. Yeye mwenyewe hakupenda kelele.

Yoga aliitoa Diani. Alikuwa msingaji kwenye hoteli moja kule, kazi yake kuwakanda wageni mgongo na miguu kwa mafuta, hata msimu mmoja wageni wakaadimika. Mwalimu wa yoga wa hoteli, msichana wa bara aitwaye Faith, akaanza kuwafundisha wafanyakazi jioni ili mwili wake usilale. Wengi waliacha mapema. Hadiya hakuacha. Alikuwa amefiwa na mume, presha inampanda na kushuka, na katika darasa lile la jioni aligundua kwamba ukiirefusha pumzi wakati wa kutoka, moyo huifuata taratibu kama ng'ombe anavyofuata kamba. Alijifunza polepole, maana akili ya ukubwani haishiki upesi, na kila alichokishika alimshukuru Mungu kwacho.

Lakini yoga hakuileta Msambweni kutibu magoti ya Bi Mwanafatuma. Darasa lile alilianzisha kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa amekanyaga ukumbini hata siku moja.

Mtu huyo alikuwa mwanawe, Fauzia.

Fauzia aliolewa Kinango, akapata mimba, na kama ilivyo ada akaja kujifungulia kwa mama yake. Mtoto alikuwa mvulana, wakamwita Amin. Hakumaliza arobaini. Aliamka na homa alfajiri, na jua halijawa kali alikuwa amekwisha kufa. Akazikwa siku ileile, kama dini inavyotaka. Watu wa Kinango walipofika, walikuta kaburi bichi na biriani ya matanga. Hadiya ndiye aliyeshika mambo yote siku ile, na watu walimsifu. Hakukupigwa ukelele hata mmoja katika nyumba yake. Fauzia alipofungua kinywa, mama yake alikiziba kwa ncha ya leso akamwambia, "Mwanangu, subira. Mtoto mchanga ni ndege wa peponi. Usimsumbue kwa mayowe." Fauzia akafumba kinywa.

Tangu hapo kifua chake kilianza kubana. Yuko jikoni, au anaanua nguo, mara pumzi inakuwa fupifupi, vidole vinakufa ganzi, macho yanamtoka kama mtu anayezama. Hospitali walimpima moyo, wakampima mapafu, wakasema hawaoni ugonjwa. Mama mkwe wake, Bi Kadzo, hakuhitaji vipimo. Alisema ni pepo. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi atakuja na mwanawe Sefu wamchukue Fauzia, wampeleke kwa mganga huko Kinango akachezewe ngoma mpaka pepo aseme anataka nini.

Hadiya aliposikia neno ngoma, alitawadha akaswali rakaa mbili. Kumpeleka mwanawe kilingeni, akafunikwe shuka na kufukizwa, akaongee kwa sauti isiyo yake, kwake ilikuwa ni kumtoa mikononi mwa Mungu na kumkabidhi asiyejulikana. Na yeye alikuwa na dawa. Dawa ilikuwa ndani ya pua ya Fauzia mwenyewe. Lakini Fauzia hakuitaka.

"Njoo Alhamisi," alimwambia jioni hiyohiyo, Fauzia anakuna nazi uani. "Wanawake wote wanakuja. Utakaa nyuma, hakuna atakayekutazama."

"Mama, nilikwambia sitaki."

"Bi Kadzo anakuja Jumamosi."

"Najua."

"Sasa unataka nini? Unataka kufukizwa kama nguo?"

Fauzia aliendelea kukuna. Kifuu kilikuwa kimekwisha nyama, anakuna gamba, na nazi ikawa inaingia vumbi jeusi. Hadiya aliona hilo. Kisha akaona mabega ya mwanawe yanapanda.

"Vuta kwa pua," alisema upesi, akachuchumaa mbele yake. "Polepole. Moja, mbili, tatu, nne. Sasa itoe, moja, mbili, tatu..."

"Mama."

"... nne, tano..."

"Mama, unanihesabia kama kuli anayepakua magunia. Niache."

Hadiya aliondoka. Alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, na huko akagundua kuwa pumzi yake mwenyewe inakwenda mbio na meno ameyauma. Kuna uchungu gani kuliko kujua kisima kilipo na kumwona mwanao anakufa kiu pembeni yake, amekususia kata? Alimwomba Mungu, kama si kwa heshima ya mama basi hata kwa uchovu tu, amlegeze mtoto huyu.

Alhamisi asubuhi, Fauzia akiwa anafagia, alisema bila kuinua kichwa, "Nitakuja leo. Ukiniahidi kwamba baada ya leo hutanitajia tena hilo darasa."

Hadiya aliahidi. Angeahidi lolote.

Siku ile aliupamba ukumbi kama anayengoja bibi arusi. Alifagia, akamwaga maji, akatandika mikeka vizuri. Harufu ya choo ilikuwa palepale, na yeye akakumbuka ukumbi wa Diani, jinsi Faith alivyokuwa akiwasha vijiti vya udi vikanukia taratibu pembeni. Vijiti hakuwa navyo. Akachukua chetezo chake cha nyumbani, akatia makaa, akanyunyizia ubani. Ubani ni kitu cha heri. Hufukizwa nyumba, hufukizwa maulidini. Hakuna lililomjia akilini zaidi ya hilo.

Wanawake walikuja, Fauzia bado. Wakaanza. Na kama kawaida, kila macho ya Bi Mapenzi yalipokutana na ya mwenzake, kicheko kililipuka.

"Basi jifunikeni," Hadiya alisema, hasira zimemfika kooni. "Kila mtu ajifunike leso yake kichwani mpaka usoni, asimwone mwenzake. Na mvute pumzi kwa nguvu, nizisikie. Nimechoka na pumzi za kitoto."

Wakajifunika. Wakavuta. Chumba kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu darasa lilipoanza, pumzi tu zinaingia na kutoka pamoja, na moshi wa ubani unajikunja chini ya leso. Hadiya alifumba macho. Alhamdulillahi, alisema moyoni. Leo wameelewa.

Jamani, mtu yeyote aliyezaliwa pwani hii angemwambia. Ukimfunika mwanamke kichwa, ukamfukiza ubani, ukamwambia avute pumzi kwa nguvu, humfundishi kitu. Unamwita mgeni wake. Hivyo ndivyo waganga wanavyofanya, tangu enzi za mabibi. Hadiya alilijua hilo kama alivyojua jina lake, lakini lilikuwa limekaa upande mmoja wa kichwa chake na yoga upande mwingine, na hapakuwa na mlango katikati.

Bi Mapenzi ndiye aliyeanza. Mabega yalitikisika, halafu kichwa, halafu ikatoka sauti nene ambayo haikuwa ya muuza viazi.

"Nani kaniita?" ile sauti iliuliza.

"Bi Mapenzi, punguza pumzi," Hadiya alisema.

"Nimeuliza nani kaniita bila marashi."

Ndipo Hadiya alipofungua macho vizuri. Bi Mwanafatuma alikuwa ameshaondoa leso, na kwa wepesi ambao magoti yake hayakuwahi kuuonyesha darasani alisogea mbele ya mkeka wa Bi Mapenzi. "Karibu, bwana mkubwa," alisema kwa adabu. "Tunakusikiliza. Una shida gani?"

Bwana mkubwa alikuwa na shida nyingi. Alilalamika kwamba paa la nyumba linavuja na mwenye nyumba anacheza bao. Alilalamika kwamba kiti chake, yaani Bi Mapenzi, anasimama kwenye karai tangu asubuhi na hakuna amwambiaye ahsante. Alitaja mawifi kwa majina. Akalia, akacheka, akapiga mayowe, akajigaragaza mpaka mkeka mwingine. Wanawake wakaanza kupiga makofi, kwanza wawili, kisha wote, na mmoja akageuza ndoo ya maji akaipiga kwa viganja. Hadiya alikimbia huku na huku akisema, "Astaghfirullah, nyamazeni, nyamazeni, msikiti uko hapo," akakitoa chetezo nje, akamwaga makaa mchangani. Aliporudi ndipo alipomwona Fauzia.

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, macho hayabanduki kwa Bi Mapenzi. Hakuingia wala hakukimbia. Alisimama pale mpaka yule bwana mkubwa alipoondoka, Bi Mapenzi akaketi, akajipangusa jasho, akaomba maji na kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Wallahi nimepumzika. Ni kama niliyelala mwezi mzima." Hadiya alipogeuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu.

Mzee Iddi alimngoja baada ya magharibi kwenye baraza ya madrasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti Ishak. Watu walikuwa msikitini wanasoma."

"Najua, Mwalimu. Lilikuwa kosa."

"Nilikuruhusu mazoezi. Nilimwambia kila aliyeniuliza, ni mazoezi. Sasa nimwambie nini? Kwamba yalikuwa mazoezi ya kwenda peponi au ya kuleta pepo?"

"Ulikuwa ubani tu, Mwalimu. Na leso. Na mimi kukosa akili."

"Sikulaumu nia," Mzee Iddi alisema. "Lakini ufunguo nipe."

Alimpa. Njiani, wanawake watatu ambao hawakuwahi kuja darasani walimsimamisha, kila mmoja kwa wakati wake, kumuuliza ngoma nyingine ni lini, na kama ni lazima mtu aje na marashi yake mwenyewe. Nyumbani akampigia Faith simu. Faith alisikiliza, kisha akacheka, si kwa ubaya.

"Aki Mama Fauzia, pole. Huyo alipumua haraka sana tu, akaskia kizunguzungu. Ungemshow apunguze. Na incense ni poa, hata sisi tunatumia."

Hadiya alimshukuru, akakata simu. Faith alikuwa mtoto mzuri, na alijua pumzi. Ubani hakuujua. Na Hadiya, aliyejua vyote viwili, alikaa kwenye mkeka wa kuswalia mpaka isha ikaingia na bado hakuona la kumwomba Mungu. Kila alilolijenga kumkinga Fauzia na ngoma alikuwa ameligeuza ngoma kwa mikono yake. Fauzia alikuwa chumbani, ameufunga mlango. Kwa kuwa aliahidi, hakubisha hodi.

Jumamosi wakwe walifika mapema. Sefu aliwaamkia, akakaa kwenye benchi nje kama mtu aliyeitwa polisi. Alikuwa kijana mpole, na tangu mwanawe azikwe alikuwa amekonda. Bi Kadzo aliingia ndani na kuku wawili waliofungwa miguu na mfuko wa mahindi, maana Kinango hata ikikauka mtu haji kwa mkwe mikono mitupu.

"Hamjambo huku?"

"Hatujambo, mkwe wangu. Karibu. Mmeamkaje?"

"Salama tu. Maji hatuna, lakini tu wazima." Aliketi, akanyoosha miguu. "Mkwe wangu, nilikuja nimejiandaa kubishana nawe. Niliwaza nitamwambia nini mama huyu wa dini. Kumbe na wewe una kilinge."

"Sina kilinge, Bi Kadzo."

"Habari imefika mpaka kwenye mnada wa mbuzi. Wanasema unapandisha pepo kumi kwa mpigo, bila hata mpiga ngoma."

"Alikuwa mmoja. Na ilikuwa ni ndoo." Hadiya alijisikia jinsi maneno yake yalivyo mabovu. "Lilikuwa darasa la kupumua. Mwanangu anajua."

"Basi tusigombane kwa majina. Wangu anaitwa mganga, wewe jiite mwalimu. Mtoto tumchukue."

"Hamchukui mtu," Hadiya alisema. "Huyu haumwi na pepo. Akijifunza kutuliza pumzi yake, atapona, inshallah. Nahitaji muda tu. Muda, na yeye akubali. Ni hayo tu."

"Nataka kwenda," Fauzia alisema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, amevaa buibui, na mfuko wa nguo uko miguuni.

Hadiya hakuelewa. "Kwenda wapi? Kwa mumeo?"

"Kwenye ngoma."

"Fauzia. Wewe unaamini mambo haya?"

"Siamini."

"Sasa?"

"Nilimwona Bi Mapenzi," Fauzia alisema. "Alipiga mayowe, Mama. Alijigaragaza, akamtukana kila mtu, akalia mpaka akachoka. Na walimwambia karibu. Bi Mwanafatuma alimwuliza, una shida gani. Baadaye walimpa maji." Sauti yake ilianza kukatika. "Mimi hakuna aliyeniuliza. Mimi niliambiwa ninyamaze. Sasa nikienda huko nikafunikwa, nikapiga ukelele, hakuna atakayesema Fauzia hana subira. Watasema ni pepo. Nitakuwa sina lawama."

Hadiya alitaka kujibu, na jibu lilikuwepo, alilijua lote, malipo ya wenye kusubiri na daraja zao. Lakini mabega ya mwanawe yalikuwa yamepanda. Pumzi imekuwa fupi, inakwama juu, vidole vimeanza kukunjika. Hadiya alimkimbilia, akamkalisha chini.

"Kwa pua, mwanangu. Moja, mbili..."

"Usinitulize." Fauzia alimsukuma kwa mikono yote miwili. Hakuwahi kumsukuma mama yake tangu azaliwe. "Usinitulize, Mama. Nimechoka kutulizwa."

Bi Kadzo alikuwa amesimama. Nje, benchi la Sefu lililia. Majirani walikuwa nyuma ya ua tu, na kutoka upande wa msikiti watu walikuwa wanatembea. Fauzia alifungua kinywa, na kikatoka kitu kidogo mno, kama mlio wa mlango. Mkono wa Hadiya uliinuka wenyewe, na ncha ya leso ndani yake, kwenda kinywani mwa mwanawe, vilevile kama siku ile. Aliuona unakwenda. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akaurudisha, akaukalia, kwa kuwa hakuuamini.

"Basi lia," alisema. Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu aliyeshindwa. "Mbele yangu hapa. Bila pepo. Lia."

Fauzia alimtazama, hakuamini. Halafu akalia.

Ulitoka ukelele mrefu, mbaya, usio na adabu yoyote, ukapita juu ya bati na miti, na ulipokwisha ukaja mwingine, na ndani yake lilikuwemo jina. Amin. Jina lile halikuwa limetajwa katika nyumba hiyo tangu siku ya mazishi. Bi Kadzo alilisikia akajipiga mapaja. Huyu naye alifika siku ile akakuta mjukuu amekwisha kufukiwa, na watu wanakula kimya kimya, na kwa kuwa ni ugenini akazuia koo lake, akarudi nalo Kinango hivyohivyo. Sasa alimkumbatia mke wa mwanawe, akaanzisha maombolezo ya Kiduruma, akimwita mtoto kwa jina la babu yake, akimuuliza kwa nini hakungoja kumwona nyanya. Hadiya hayakumpendeza maneno yale. Alisema astaghfirullah mara moja, kwa mazoea, na mara ya pili kilio chake mwenyewe kikaikata. Hata Mtume alitoa machozi alipofiwa na mwanawe. Alilijua hilo tangu chuoni. Kwa nini hakulikumbuka siku ile, hakujua.

Watu walikusanyika nje. Sauti ya Mzee Iddi ikauliza kutoka uani, "Binti Ishak, kuna msiba?"

"Upo, Mwalimu," Hadiya alisema, akijifuta pua kwa leso. "Ni wa zamani. Ni wa mtoto wa Fauzia."

Wakamsikia Mzee Iddi anasema innalillahi, kwa sauti ile ya siku ya kwanza ya msiba, na anamwambia Sefu asogee, na benchi likalia tena alipoketi kando yake. Bi Mapenzi alipita na sahani yake, akachungulia, na kwa mara moja katika maisha yake hakusema neno. Aliiweka sahani mlangoni, akaingia, akakaa chini na wenzake.

Ilipofika adhuhuri Fauzia alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba, buibui imemtoka kichwani. Hakulia tena. Pumzi ziliingia fupi kwa mitetemo, kisha zikatoka ndefu, ndefu mno, zenyewe, bila mtu kuzihesabu. Hadiya alizitazama. Ilikuwa ni pumzi ileile aliyokuwa akiihangaikia tangu mwanzo, namna ileile hasa, kuingia fupi na kutoka ndefu, na ulimi ukamwasha kusema, waiona sasa, si ndiyo niliyokwambia? Alikasirika kidogo, hawezi kukana, kwamba mikeka yote ile, na safari zote zile za jioni Diani, hazikufua dafu. Akaumeza ulimi wake, akamletea maji.

"Mganga anatungoja," Bi Kadzo alisema, bila haraka. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Na angoje," Hadiya akajibu.

Wote wawili wakamtazama Fauzia. Alikunywa maji yote kwanza.

"Nitakwenda Kinango," alisema. "Kwa mume wangu. Kwa mganga siendi, labda kifua kikirudi." Kisha akamgeukia mama yake. "Na darasani kwako vilevile siji, Mama."

"Sijakuita," Hadiya alisema, akaenda kutawadha.